Hesi za Stendi ya Kipaza Sauti

Katika mikutano ya ushirika na sherehe za shule, mara nyingi utaona mtu akikaza kishiko cha kipaza sauti juu ya stendi kwa nguvu, kama akamuaye nguo. Kishiko huingia upande, hesi zikalika, na tangu siku hiyo hakikai imara. Mimi mwenyewe niliharibu kimoja asubuhi ya harusi; wazee walihutubia huku kijana amekishika kipaza sauti kwa mkono saa nzima.

Bwana msomaji, yafaa ujue ya kuwa hesi hizo si za namna moja. Za Kimarekani zina upana wa inchi 5/8, mizunguko 27 kwa kila inchi. Za Ulaya ni inchi 3/8, mizunguko 16. Kuziunganisha kuna kipete maalum, nacho hupotea upesi kuliko senti.

Kwanza futa mchanga kwa mswaki mkavu. Kisha zungusha kishiko kinyume, polepole, mpaka usikie kimeshuka kidogo. Hapo ndipo ukizungushe mbele, kwa vidole tu. Kikikataa, kirudishe uanze tena. Kishiko kingi ni cha plastiki na stendi ni ya chuma; katika ugomvi huo mshindi anajulikana.