Mawe ya Wazee Wetu ni Amana



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii twapenda kuzungumza na akina mama na jamaa wote wa nyumbani juu ya amana ambayo wengi wetu twapita kando yake kila siku bila ya kuitazama: magofu ya miji na misikiti ya kale ya pwani yetu.

Tulipokuwa wadogo chuoni, palihitajika mawe ya kujengea baraza. Tukatumwa tukayatoe katika ukuta wa gofu lililokuwa karibu, nasi tukayabeba vichwani kwa furaha, tukidhani twafanya kheri. Hakuna aliyetukataza. Leo ukuta ule haupo, wala hatuna cha kuwaonyesha wajukuu wetu ila vichaka. Kosa hilo twalikiri ili lisirudiwe.

Kwani magofu haya ni mashahidi. Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, wanaakiolojia walifukua chini ya msikiti wa Ijumaa wakakuta mabaki ya misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa ya miti, tangu karne ya 8 Miladia. Miti yenyewe ilikwisha kuoza. Kilichobaki ni alama za nguzo udongoni. Zingatieni: lau mtu angelitangulia kuchimba hapo akitafuta mali, au akizoa mchanga wa kujengea, ushahidi huo wa ibada ya wazee wetu ungelifutika kwa siku moja.

Hatari ni nyingi. Bahari hula fukwe, mvua hupenya palipobanduka chokaa, mizizi ya miti hupasua kuta. Hata mwenye nia njema hudhuru: akipaka saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa, unyevu na chumvi hufungika ndani, na jiwe huanza kumomonyoka. Ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa, na kwa mkono wa fundi ajuaye.

Wako wasemao: "Bahari ni kudra ya Mungu, sisi twaweza nini?" Twasema, kudra haiondoi wajibu. Ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Kilwa Kisiwani, kwa jirani zetu Tanzania, mawimbi yalikuwa yakibomoa kuta hata mwaka 2004 pakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Kuta zikakarabatiwa, mikoko ikapandwa, wenyeji wakashiriki. Mwaka 2014 pakaondolewa katika orodha hiyo.

Basi mama, wewe ndiwe mlezi wa kwanza. Mfundishe mwanao asichore jina lake ukutani, wala asibandue bakuli la kauri kaburini. Uonapo ufa mpya, au mtu achimbaye usiku, mpashe habari mzee wa mtaa na maofisa wa Makumbusho ya Kitaifa. Na yale ayajuayo bibi, jina la mahali na kaburi ni la nani, yaandikwe kabla hajatutoka.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watimizao amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.