Mfungwa Atarudi Kwetu

Jumapili moja, baada ya Misa, tulisimama mlangoni pa gereza la mji mmoja wa mashariki ya nchi yetu. Wanawake walikuwa wamekaa chini ya ukuta, kila mmoja na sufuria yake iliyofungwa kitambaa: ugali, sombe, maharagwe. Walingoja askari awaite. Asiyejua hufikiri ya kuwa mfungwa hulishwa na Serikali. Kwa kweli aliye na mama hula chakula cha mama yake. Asiye na mama hutazama wenzake wakila, au hungojea siku ambayo masista na wakristu wa mashirika watakuja na mchele.

Mama mmoja akatusimulia habari za mtoto wake. Ni kijana wa miaka 19, aliyeshitakiwa ya kuwa ameiba simu sokoni. Alikuwa amekwisha kukaa ndani miezi 14. Tukamwuliza, “Amekatiwa miaka mingapi?” Akatutazama kama watu wasiojua nchi yao. “Baba, bado hajaitwa.” Katika miezi ile yote hakuna hakimu aliyemwuliza kama aliiba au hakuiba.

Leo twataka kusema juu ya jambo hili: jinsi gani gereza, ambalo watu wetu huliita buloko, liwe mahali pa kumrudisha mtu katika njia njema, wala lisiwe shimo la kumtupa. Wakubwa wa nchi wamelisema mara nyingi, na kila mara wakaahidi kujenga nyumba mpya. Nyumba zinahitajiwa, hatubishi. Lakini twaona ya kuwa kazi hii haianzi kwenye tofali. Yaanzia kwenye meza ya hakimu.

Angalieni gereza kubwa la Makala, katika mji wa Kinshasa. Lilijengwa 1957 kwa ajili ya wafungwa 1.500. Wakati ule mji uliitwa Léopoldville, na watu wake hawakufika nusu milioni. Leo hukisiwa kupita milioni 15, na gereza ni lile lile. Mwaka 2024 lilikuwa na watu zaidi ya 12.000, na wengi wao walikuwa hawajahukumiwa. Fikirini nyumba iliyojengwa kwa mtu mmoja, na ndani yake wamelala wanane. Usiku wa tarehe 2 Septemba mwaka ule wafungwa walijaribu kutoroka. Kulipopambazuka, Serikali ikatangaza maiti 129. Ishirini na wanne walikufa kwa risasi, na wengine wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa. Tena wanawake waliofungwa mle walinajisiwa katika ghasia ile.

Sisi wa Kivu hatuna haja ya kwenda mbali hata Kinshasa. Katika Oktoba 2020 gereza la Kangbayi, pale Beni, lilishambuliwa, na wafungwa zaidi ya 1.300 wakatoka kwa mara moja. Katika Januari 2025, mji wa Goma ulipotekwa, maelfu walitoroka katika gereza la Munzenze, na wanawake zaidi ya mia moja waliokuwa wamefungiwa upande wao wakafa katika moto. Tunapoyakumbuka hayo twaona hofu, lakini pia twajiuliza swali. Wale waliotoka siku hiyo walitoka na nini mikononi? Wengine walikuwa wamekaa ndani miaka mitano, miaka saba. Je, walijifunza kusoma, au kushona, au kuranda ubao? Mfungwa hutoka siku moja, kwa mlango au kwa ukuta, naye huja kukaa katika mtaa wetu.

Basi kwa nini hajifunzi kitu? Yule asiyehukumiwa hana siku ya kutoka. Aweza kuitwa kesho, aweza kungoja miaka mitatu. Fundi gani atampanga katika mafunzo ya useremala ya mwaka mmoja? Tena hawezi kuambiwa atubu kosa ambalo hakuna aliyethibitisha ya kuwa alilifanya. Hivyo hukaa tu. Nao askari ni wachache, kwa hiyo ndani hutawala wafungwa wenyewe chini ya kapita wao. Kijana mgeni hulipa ili apate nafasi ya kulala, na asiye na fedha hulipa kwa utumishi. Jirani yake wa kulia ni mlevi aliyepigana, wa kushoto ni jambazi aliyeua. Hapo kuna shule, sana! Kila siku, asubuhi mpaka jioni, bila likizo. Lakini mwalimu ni yule jambazi.

Wengine watasema: sheria zetu ni mbovu. Sivyo. Someni Katiba ya 2006. Kifungu cha 17 chasema uhuru ndiyo desturi, na kumfunga mtu ni jambo lisilo la kawaida. Tena mshitakiwa huhesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Kifungu cha 18 chasema polisi hawana ruhusa kumshika mtu kupita saa 48 bila kumpeleka mbele ya wakubwa wa sheria, na ya kuwa kila mfungwa atunzwe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, pamoja na heshima yake ya utu. Na sheria ya mashitaka yaongeza: ruhusa ya kumweka mtu ndani kabla ya hukumu ni ya siku 15, kisha yaweza kuongezwa mwezi kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kila mwezi mtu mmoja mwenye mamlaka afungue karatasi, asome jina, ajiulize: huyu angali na sababu ya kukaa humu? Kwa kijana wa simu swali hilo lilipasa kuulizwa zaidi ya mara kumi. Lau lingeulizwa mara moja tu kwa bidii, angalikuwa nyumbani.

Sasa tuseme juu ya nchi moja iliyogeuza magereza yake, kwa maana wengi hawaamini ya kuwa jambo hili lawezekana. Nchi hiyo ni Norwe, kaskazini ya Ulaya. Huko kuna kisiwa kiitwacho Bastøy. Tangu mwaka 1900 palikuwa na nyumba ya kuwarudi wavulana watundu, na malezi yake yalikuwa makali hata mwaka 1915 wavulana wale waliasi, na Serikali ikapeleka askari wa vita kuwatuliza. Nyumba ile ilifungwa 1970. Baadaye kisiwa kikafanywa gereza la namna nyingine. Leo wafungwa wapatao mia moja na zaidi kidogo wanafuga ng'ombe na kondoo, wanalima, wanakata miti, na jioni wanajipikia. Wengi wao wamekwisha kukaa kwanza katika magereza yenye kuta. Huletwa kisiwani ili wazoee tena kuamka wenyewe na kwenda kazini wenyewe.

Serikali ya Norwe iliandika neno lake waziwazi katika mwaka 2008: adhabu ni kunyimwa uhuru, basi, haki nyingine za mtu zabaki. Maisha ya ndani yafanane na ya nje kadiri iwezekanavyo. Mwalimu wa gereza ni mwalimu wa shule za mji, daktari ni daktari wa mji, hivi kwamba mfungwa akitoka huwakuta watu wale wale wanaomjua. Askari wa gereza husoma miaka miwili kabla ya kukabidhiwa kazi, wala hawafundishwi kufunga milango tu, bali pia kuzungumza na mfungwa na kumsaidia apange maisha yake. Na tangu siku za kwanza huulizwa: ukitoka utalala wapi, utafanya kazi gani? Hesabu iliyofanywa juu ya waliofunguliwa 2005 ilionyesha ya kuwa katika miaka miwili ni kama wawili tu kati ya kumi waliohukumiwa tena.

Tusidanganyane: Norwe ni tajiri wa petroli, na watu wake wote hawafiki nusu ya watu wa Kinshasa. Tena hata huko, miaka hii ya karibuni, askari wamepungua, na wafungwa wengi wamekaa saa nyingi mno wamefungiwa vyumbani. Jengo zuri liko, lakini mtu wa kumfungulia mfungwa mlango na kwenda naye karakanani hayuko. Ndiyo maana tulisema kazi hii haianzi kwenye tofali.

Kuna swali jingine, nalo ni zito kuliko la fedha. Baba mmoja wa jamaa alituambia, “Mnawahurumia wafungwa. Na yule aliyemharibu mtoto wangu, naye afundishwe kushona?” Hatukuweza kumjibu upesi. Ana haki ya kuona hukumu, tena hukumu ya kweli, isiyonunuliwa. Lakini yeye na yule mama wa sufuria wanalilia kitu kimoja. Pale ambapo hakuna anayehukumiwa, mwovu hukaa pamoja na asiye na kosa, na mwenye fedha hutoka kwanza, ambaye mara nyingi ndiye mwovu. Hata Norwe hawakuacha ukali panapopasa. Mwaka 2011 mtu mmoja aliua watu 77 kwa siku moja. Alikatiwa miaka 21, na hukumu yenyewe ni ya namna ambayo yaweza kuongezwa tena na tena akionekana ni hatari. Ameomba kufunguliwa, mahakimu wakakataa. Hawakumpiga, hawakumlaza njaa, wala hawakumfungua. Tulimweleza baba yule habari hii. Hakusema kitu, ila alituomba tuimalize.

Kwetu, baada ya maiti za Makala, wafungwa mamia kwa mamia walifunguliwa, hasa wagonjwa. Lilikuwa jambo jema. Lakini kuwafungua mamia siku moja kwa sababu ya aibu si sawa na kuangalia kila kesi kila mwezi, na gereza lililopunguzwa hivyo hujaa tena upesi. Kisha zikaja habari za gereza jipya la Kisangani. Tarehe 2 Septemba 2025, mwaka mmoja kamili baada ya usiku ule wa Makala, mahakama kuu ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria miaka mitatu ya kazi ngumu, kwa kosa la kupotosha dola milioni 19 zilizokusudiwa kwa gereza lile. Yeye alikana. Sisi twahesabu tu: mshahara wa mahakimu wangapi, baiskeli na pikipiki ngapi za kuwafikisha vijijini, mbao na cherehani ngapi?

Yako mambo yanayowezekana hata kwa fedha kidogo. Kwanza, mahakimu wenyewe waende gerezani, waketi uani na daftari, wahukumu pale pale au wafungue. Safari ya mfungwa kwenda tribinali hukosekana mara nyingi kwa sababu ya gari au mafuta. Hakimu ana miguu. Pili, vijana wadogo watengwe na wakubwa, na wasiohukumiwa watengwe na waliohukumiwa. Hata ukuta wa miti watosha kwa kuanza. Tatu, udongo. Nchi yetu haikukosa mashamba, nao wafungwa wanashinda njaa wamekaa juu ya sakafu. Waliohukumiwa walime, wale matunda ya jasho lao, na sehemu ya mauzo iwekwe kwa jina lao mpaka siku ya kutoka. Lakini yasiwe mashamba ya mkubwa wa gereza! Hayo twayajua tangu wakati wa Wabelgiji na kiboko chao.

Tena kuna sheria ambayo jamaa nyingi hawajapata kuisikia, nasi twawasihi vijana wa shule waisomee wazazi wao. Ni kifungu cha 35 cha kanuni ya adhabu. Aliyehukumiwa, akiisha kufanya robo ya kifungo chake, naye amepita miezi mitatu ndani, aweza kufunguliwa kwa masharti. Aliyefungwa maisha aweza baada ya miaka 5. Anayetoa ruhusa ni waziri wa sheria, baada ya kusikia mkubwa wa gereza na ofisi ya mwendesha mashitaka. Basi hesabuni. Aliyekatiwa miaka minne, robo yake ni mwaka mmoja. Andikeni barua mapema, siku ile isiwapite. Semeni ndani yake mfungwa atakaa kwa nani na atafanya kazi gani. Barua isiyojibu maswali hayo mawili ni nyepesi.

Yule kijana wa simu alitoka mwezi wa kumi na sita. Mwenye simu hakuonekana mbele ya hakimu, na kesi ikafungwa kwa muda mfupi kuliko muda wa kula ndizi. Alirudi amekonda, na upele mwili mzima, tena na maneno ambayo mama yake hakupenda kuyasikia. Majirani walianza kufunga kuku wao mapema. Mwenye duka alikataa kumpa kazi hata ya kubeba mifuko. Miezi mitatu alizunguka, na jioni walikuja kumwita rafiki aliowajua ndani, wamefunguliwa nao. Mama alikuwa akilala mlangoni ili asipite usiku.

Seremala mmoja wa shirika lao ndiye aliyemchukua, tena si bila kusitasita. Mke wake alihesabu misumari kila jioni kwa muda wa mwezi. Sasa haihesabu tena. Kijana anajifunza kupima mlango. Na Jumapili mama yake bado huonekana chini ya ukuta wa gereza na sufuria yake, kwa sababu ndani kuna mtoto wa jirani ambaye naye bado hajaitwa.