Mwendo wa kasi na wazee wa Meru

Mahujaji wetu wanaporejea Arusha hawakosi kuisimulia treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018: Makka hadi Madina, njia ya kilomita 450, kwa saa mbili na ushei. Vijana nyumbani huuliza, na sisi je?

Nasi tunayo, ila haijafika kwetu. Treni ya SGR ilianza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Stesheni yake ya Dar es Salaam imejengwa kwa umbo la tanzanite, kito kichimbwacho Mirerani, hapa jirani. Kito kimetangulia, reli mpya ya kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma ingali katika mipango.

Wapo wanaoshauri kupanda basi hadi Dodoma, kupitia Babati na Kondoa, kisha kuidaka SGR iendayo Dar es Salaam. Kwa kijana mwepesi asiye na mzigo, ajaribu. Kwa bibi wa Ngarenaro anayekwenda kumtazama mjukuu mchanga, huko ni kumzungusha: basi la moja kwa moja litakuwa limemfikisha huku yeye akiwa bado anahesabu vifurushi Dodoma.

Na basi lenyewe ni adha kwa mwenye magoti mabovu. Ndiyo maana naitetea treni yetu ya zamani. Reli ilifika Moshi enzi za Wajerumani, na Arusha chini ya Waingereza. Kisha abiria wakaikosa kwa takriban miaka 30, hadi iliporejeshwa Oktoba 2020. Siku zake ni chache, nayo hulala njiani, Same na Korogwe zikipita gizani. Lakini mzee hujinyoosha katika behewa la kulala, mama humbembeleza mtoto akitembea, na msala hupata pa kutandikwa. Tukiiacha ife kwa kungojea ya kasi, watakaokatika na jamaa zao ni hao hao wasiomudu basi wala ndege, na ziara ya kila mwaka itageuka salamu za simu.

Wenye shughuli ya kuendelea Morogoro au Dodoma baada ya kufika Dar es Salaam wakate tiketi ya SGR mapema, wachukue kitambulisho, na wasibane muda wa kuunganisha.

Jambo moja zaidi, dogo lakini limekwisha kuwapa watu tabu. Kituo kikuu cha mabasi kilichopo Mbezi kinaitwa Magufuli, na stesheni ya SGR iliyopo katikati ya jiji nayo inaitwa Magufuli. Mzee akimwambia dereva "nipeleke Magufuli," aweza kupelekwa upande wa pili wa jiji na treni ikamwacha. Mwandikieni katika karatasi, kwa herufi kubwa: STESHENI YA TRENI, MJINI.