Tangazo Likae Pembeni, Bei ya Mahindi Itangulie

KUTOKA NZOIA
Na Nekesa Wafula

Watu wa huku kwetu hawajawahi kuchukia matangazo. Anayebisha aketi jioni katika boma lolote la Bungoma, redio ya lugha ya mama ikianza kusoma matangazo ya vifo. Watoto wataambiwa wanyamaze. Mama atatoka jikoni na mwiko mkononi. Kila mmoja anataka kusikia ni nani ametutoka, mazishi ni lini, na jamaa wa ukoo gani wanaarifiwa. Matangazo hayo yamelipiwa, sawa na lile la sabuni linaloyafuata, na bado hakuna anayezima redio. Huja kwa saa inayojulikana, husema jambo linalomhusu msikilizaji, yakiisha huondoka.

Nayakumbuka hayo kila ninapozungumza na vijana wanaotengeneza programu za simu Kitale na Bungoma. Wengi wamekata shauri kwamba tangazo ni taka ambayo mtumiaji hana budi kuivumilia ili programu ibaki ya bure. Kwa kuwa wanaliona hivyo, hulitupa popote kwenye skrini, kisha wanashangaa watu wakiifuta programu kabla ya mwezi kwisha. Naona kosa lao liko hapo mwanzoni kabisa. Kinachomkera mtu ni tangazo lisilomhusu, lililowekwa mahali anapotaka kupita.

Haja ya pesa ni ya kweli, na simlaumu kijana anayeitafuta. Mwaka wa 2010 Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka walishinda shindano la IPO48 jijini Nairobi kwa wazo la M-Farm, huduma ya kumpa mkulima bei za soko kwa ujumbe mfupi. Mwaka uliofuata Su Kahumbu akazindua iCow, ya wafugaji wa ng'ombe. Enzi hizo mkulima alitoa shilingi zake ili apate ujumbe. Leo ana simu janja, na anatarajia habari iwe bure. Lakini mtu wa kwenda Chwele siku ya soko kuuliza bei ya ndizi na vitunguu bado anahitaji nauli. Seva inalipiwa kila mwezi. Mkulima asipolipa, basi mwenye bidhaa alipe, na njia nyepesi ya kumlipisha ni bango: ule ukanda mwembamba unaokaa juu au chini ya skrini.

Kipimo chake cha kawaida kwenye simu ni pikseli 320 kwa 50. Ni kidogo, na udogo huo ndio ubora wake. Mnamo 2014 Nguyen Ha Dong wa Vietnam aliripotiwa kupata takriban dola 50,000 kwa siku kutokana na mchezo wake wa Flappy Bird, na kilichomletea fedha hizo kilikuwa bango dogo la namna hiyo. Watu waliulalamikia mchezo kwa ugumu wake. Bango hawakulitaja sana.

Sasa tuangalie jinsi ukanda huo mdogo unavyoweza kumtia mtu hasara. Tuseme mkulima wa Endebess amevuna. Dalali amesimama langoni, lori linanguruma, mizani imeshaning'inizwa kwenye tawi la mti. Dalali ametaja bei ya gunia la kilo 90 na anataka jibu. Mkulima anatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, anafungua programu aone Kitale mjini wananunua kwa ngapi. Mtandao ni wa kubahatisha. Kama programu imeandikwa ili tangazo litangulie kupakuliwa, basi sekunde zile alizohitaji, na sehemu ya bando yake ya shilingi ishirini, zimeliwa na picha ya mtu asiyemjua. Bei inajitokeza hatimaye. Anataka kuibonyeza aone ya jana na ya juzi. Bango linaingia kwa kuchelewa, linaisukuma bei chini, na kidole kinatua kwenye tangazo. Ametolewa nje ya programu, yuko kwenye tovuti ya kamari. Dalali anauliza tena: tunapima ama tusipime?

Mkulima huyo atakubali bei ya dalali. Huenda kila gunia limempunguzia shilingi mia mbili, na programu iliyoandikwa kwa ajili yake ndiyo iliyomwangusha. Siwezi kuliita hilo usumbufu mdogo.

Tiba yake mwandishi yeyote wa programu anaiweza. Nafasi ya bango itengwe tangu ukurasa unapofunguka, hata kabla tangazo halijafika, ili likiingia lisisogeze chochote. Bei ipakuliwe kwanza, tangazo lifuate. Mtandao ukikatika katikati, kilichokosekana kiwe tangazo. Bango likae mbali na vitufe, maana kidole gumba cha mtu aliyeshinda na jembe si kama cha karani. Lisibadilike kila mara: katika AdMob, mtandao wa matangazo wa Google, mwenye programu anaweza kuchagua bango libadilike baada ya muda gani. Achague ule mrefu. Na matangazo ya skrini nzima yanayomrukia mtu akiwa katikati ya kazi yaachwe kabisa. Google yenyewe ilianza kuyapiga marufuku kwenye Play mwishoni mwa Septemba 2022, pale yanapotokea mtumiaji asipoyatarajia.

Kuna wanaoniambia kwamba bango tulivu halionekani, na lisiloonekana halilipi. Hoja hiyo ina uzito wake. Bango la kwanza kwenye wavuti liliwekwa na kampuni ya AT&T katika jarida la HotWired mnamo Oktoba 27, 1994, na inasemekana asilimia 44 ya walioliona walilibonyeza. Kufikia 1998 watafiti Benway na Lane wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walikuwa wameonyesha kwamba macho ya watu yalishajifunza kuruka mabango, hata makubwa yenye rangi kali. Ndiyo maana wauzaji walianza kupiga kelele: picha zinazomwekamweka, vitufe bandia vya kufungia, maandishi ya kujifanya onyo la virusi. Kila kelele ilifundisha macho kuruka zaidi. Isitoshe, mibonyezo ya bahati mbaya haina faida ya kudumu. Mitandao ya matangazo huichuja, huikata kwenye malipo, na ikizidi akaunti hufungwa. Kijana anayeweka bango chini ya kitufe cha "Endelea" ili watu wakosee anajichimbia shimo mwenyewe.

Mwenye kinu cha posho akimruhusu mchuuzi apange nyanya zake nje ukutani, wateja watanunua wakisubiri unga. Akimruhusu azipange mlangoni, watazikanyaga, na kesho watapeleka mahindi kwenye kinu kingine.

Lakini mahali pa kuweka bango ni nusu tu ya shauri. Nusu nyingine, na ndiyo inayoniuma zaidi, ni bango la nani. Ukiunganisha programu yako na mtandao mkubwa wa matangazo bila kugusa mipangilio, umemwachia mtu wa mbali achague mgeni wa kuingia katika nyumba za watu wa Kimilili na Cherangany. Na simu huku si ya mtu mmoja. Baba huangalia bei asubuhi, mama hupokea pesa za chama mchana, jioni mtoto wa darasa la sita huishika afanye kazi ya shule. Bango la kamari lililomkosa baba litampata mtoto. Nimewaona vijana wa Kanduyi wakimaliza pesa za bodaboda kwenye mechi za ligi wasizozijua, na sitaki kuona programu ya wakulima ikiwa ndiyo mlango waliopitia.

Mipangilio ya kuzuia aina za matangazo ipo. Mwenye programu anaweza kufunga kundi zima, na anaweza kuzuia mtangazaji mmoja mmoja kwa anwani yake. Kamari ifungwe kabla programu haijatoka. Mikopo ya simu nayo ichungwe: tangu 2022 kuna kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinazowataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni, na kuanzia mwanzoni mwa 2023 Google Play inadai uthibitisho wa leseni kwa programu za mikopo nchini. Aliyekataliwa pale akitafuta wateja kupitia bango lako, jina litakaloharibika ni lako.

Kisha kuna pembejeo. Trans Nzoia hatuhitaji kukumbushwa Machi 2024, wakati ilipofichuka kwamba kati ya mbolea ya ruzuku iliyouzwa kupitia maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) kulikuwa na mifuko isiyo na ubora, ikabidi serikali ikubali kuwafidia waliouziwa. Mtu aliyepanda kwa mbolea ya uongo hawezi kurudisha mvua ya Aprili. Ndiyo maana programu ya mkulima haina ruhusa ya kusema "tangazo si letu, sisi tunaonyesha tu." Mkulima ameiamini programu kuhusu bei, ataamini pia kilichoandikwa chini ya bei. Bango la mbegu lisipokelewe bila kuthibitisha kwamba muuzaji anauza pakiti zenye kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, kile cha kukwaruza na kutuma namba kwa 1393. Na neno TANGAZO liandikwe wazi juu ya bango, kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma bila miwani.

Nasikia pia fikra kwamba ili tangazo limhusu mtu, lazima programu imchunguze: ijue namba yake, anwani zake, anakotembea. Hilo halina haja, na ni hatari. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakataza kutumia data za mtu kibiashara bila ridhaa yake, isipokuwa pale sheria inaporuhusu naye amearifiwa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Immaculate Kassait, iliitoza Mulla Pride, kampuni ya programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa jinsi ilivyotumia majina na namba za watu. Anayefungua ukurasa wa bei ya mahindi ya Kitale mwezi wa Novemba ameshakueleza yote unayohitaji. Ana mahindi, yuko karibu, na anawaza namna ya kuyakausha yafike unyevu wa asilimia 13.5 unaotakiwa na NCPB. Mwonyeshe bango la mwenye mashine ya kukausha au la muuza turubai. Jina lake halihitajiki.

Hapo ndipo ninapowasihi vijana wetu waache kungojea dola na watembee madukani. AdMob haitoi malipo mpaka akaunti ifikishe dola 100, karibu shilingi 13,000, na programu yenye watumiaji mia chache wa Webuye inaweza kukaa miezi mingi kabla ya kufika huko. Wakati huohuo Kitale, makao ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya na mji ambako utafiti wa mahindi chotara ulizaa H611 mwaka wa 1964, umejaa agroveti, yaani maduka ya pembejeo. Kuna wenye matrekta ya kukodisha. Kuna wauza magunia, wauza chakula cha kuku, na saveya wa mashamba. Wengi wao hulipia redio au huchora ukuta. Muuzaji kama huyo anaweza kulipa kwa M-Pesa, kwa wiki, kwa bango moja linaloonekana na watu wa Kiminini na Saboti, ambao wanaweza kufika dukani kwake kwa matatu moja. Naye akileta bidhaa mbovu, duka lake linajulikana lilipo.

Ni kazi nzito kuliko kubandika msimbo wa mtandao wa matangazo na kwenda kulala, nakiri. Utaingia maduka kumi utoke na wateja wawili. Nafasi zitakazobaki tupu zinaweza kujazwa na mtandao mkubwa, kamari ikiwa imefungwa. Kuna pia kishawishi cha kukataa mapema: dalali atakuja na pesa nyingi kuliko agroveti, naye hatataka bango. Atataka bei yake ipandishwe juu ya orodha, au ya mshindani wake ichelewe kuwekwa. Siku hiyo itafika, na jibu lake liandikwe kwenye programu tangu mwanzo, mahali ambapo kila mtumiaji ataliona: orodha ya bei haiuzwi.

Msimu una kalenda yake, na bango lifuate kalenda hiyo. Mbegu na mbolea ya kupandia hutafutwa Februari na Machi. Mbolea ya kukuzia na dawa ya viwavijeshi huhitajika Mei na Juni. Magunia, turubai na mashine za kupukuchua ni za Oktoba hadi Desemba. Bungoma kwenye miwa na mboga mambo ni tofauti kidogo, na kijana wa Chwele anayajua kuliko mimi. Wenye agroveti wa Kitale huagiza bidhaa za kupandia wiki nyingi kabla ya mvua, na pesa za kujitangaza huzipanga wakati uohuo. Anayetaka bango la Machi aanze kuwatembelea Januari, simu mkononi, awaonyeshe ukurasa wa bei ukifunguka na nafasi yao ikiwa tayari pale chini, tupu, ikisubiri jina la duka.