Ushauri wa Ununuzi wa Dawa Usiishie Mezani mwa Mtu Mmoja

Mgonjwa anapofika katika dirisha la zahanati ya mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika na kuambiwa kwamba dawa hakuna, lawama humwangukia yule aliye mbele yake, yaani mtoa dawa. Ni tabia ya binadamu kulaumu sura anayoiona. Lakini aghalabu rafu ile tupu ilianza kuwa tupu miezi kadhaa nyuma, katika ofisi ambayo mgonjwa hajapata kuikanyaga, pale afisa ununuzi alipoandika mahitaji yake na masharti ya mkataba wake peke yake, ilhali mwenzake wa halmashauri jirani alikwisha kuijua kasoro iliyomo humo na hakuwa na mahali pa kuisema.

Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane: Manispaa ya Kigoma Ujiji, Kigoma, Uvinza, Mji wa Kasulu, Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko. Kila moja ina mpango wake wa ununuzi wa mwaka, mfamasia wake na watu wake wa ugavi. Chanzo cha kwanza cha dawa kwa zote ni kimoja, Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, ambayo kwa miaka mingi iliuhudumia mkoa huu kupitia kanda yake ya Tabora. Kwa reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914, safari ya kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200; na mzigo ukishafika mjini, vijiji vingi vya mwambao, tangu Kagunga mpakani mwa Burundi hadi upande wa Kalya kule kusini, bado huungojea boti. Katika nchi ya namna hiyo kosa dogo la ununuzi halirekebishwi kesho yake. Na ugonjwa haungoji: uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza mikoa yote, takriban mtoto mmoja katika kila wanne wenye umri wa chini ya miaka mitano akiwa na vimelea.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 jambo hili limekuwa zito zaidi. Serikali ilianza kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za vituo vya kutolea huduma, hatua njema iliyompa mganga mfawidhi wa zahanati uwezo wa kuamua. Ila pamoja na uwezo huo ilimpa kazi ya ununuzi, kazi ambayo wenzake wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi huisomea na kuifanyia mitihani. Tabibu aliyefunzwa kutibu homa ya mapafu sasa hulinganisha bei na kupokea mizigo kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Anahitaji wa kumuuliza. Kumwacha peke yake na kisha kumwandikia hoja ya ukaguzi ni kumwonea.

Tanzania imekwisha kuonja manufaa ya kununua kwa pamoja. Zamani, Bohari ilipokosa dawa fulani, kila kituo kilikwenda sokoni kivyake na orodha fupi na fedha kidogo, na muuzaji alitaja bei aipendayo. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza mfumo wa mshitiri, uliojulikana kwa jina la Jazia: vituo vikawasilisha upungufu wao, halmashauri zikauunganisha, na muuzaji mmoja aliyeshinda zabuni ya mkoa akauza kwa bei iliyokwisha kukubaliwa. Mfumo ukahamia Morogoro na Shinyanga, na mwaka 2018 ukaenezwa nchi nzima. Wengi huusifu kwa sababu ya bei. Ulileta faida nyingine isiyotajwa sana: uliwalazimisha watu wa halmashauri mbalimbali kukaa meza moja na kulinganisha orodha zao. Huko ndiko ilikojulikana nani anaagiza kupita kiasi, nani anatumia jina jingine kwa dawa ileile, na nani hajawahi kuagiza kitu ambacho wagonjwa wake wanakihitaji kila wiki.

Ni mazungumzo ya aina hiyo yanayostahili kupewa nafasi ya kudumu, si mara moja kwa mwaka wakati wa zabuni tu. Chukua sharti moja la mkataba, mahali pa kufikishia mzigo. Mkataba unaosema mzigo ufikishwe makao makuu ya halmashauri hauna kasoro kisheria. Lakini kwa halmashauri yenye zahanati ufukweni maana yake ni kwamba gharama ya boti, na hatari ya maboksi kulowa, zimebaki kwa mnunuzi. Aliyewahi kulipa gharama hiyo bila kuitengea fungu anajua namna ya kuliandika sharti hilo upya. Au chukua oksitosini, dawa ya kuzuia damu nyingi baada ya kujifungua, inayotakiwa kutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8. Mkataba usiosema itasafirishwaje huileta dawa ikiwa kamili kwa macho na dhaifu kwa kazi, na anayegundua udhaifu huo ni mama anayevuja damu na mkunga wake.

Vitendanishi vya maabara ni somo la peke yake. Zipo mashine za kupimia damu zinazokubali vitendanishi vya kampuni iliyozitengeneza tu. Kituo kinachonunua mashine kwa kuvutiwa na bei yake, au kinachoipokea kwa furaha kama msaada, kinaweza kuwa kimejifunga kwa muuzaji mmoja kwa muda wote wa uhai wa mashine hiyo. Swali la kuuliza kabla ya kusaini ni rahisi: vitendanishi vinauzwa na nani, kwa bei gani, na mashine ikiharibika fundi atatoka wapi na kwa gharama ya nani? Swali hili haliandikwi katika fomu yoyote kwa wino mwekundu. Hujulikana na yule ambaye mashine yake imefunikwa kitambaa pembeni mwa maabara, na kama hakuna anayemuuliza, hekima yake hubaki chini ya kitambaa hichohicho. Muda wa matumizi uliobaki nao ni vivyo hivyo: mkataba usiotaja dawa ifike ikiwa na muda gani uliobaki humpa mzabuni ruhusa ya kumwaga ghala lake la zamani juu ya wagonjwa wa Kigoma.

Kwa nini basi maafisa hawaambiani? Kuna kujihifadhi, kuna uchovu, na kuna hofu ya sheria. Hii ya tatu ndiyo inayostahili heshima. Taarifa za tathmini ya zabuni iliyo wazi ni siri, na lazima ziwe siri; afisa anayempigia mwenzake simu kumwambia nani ametaja bei gani kabla ya tuzo kutolewa hatoi ushauri, anavunja sheria. Vivyo hivyo mazungumzo kati ya wanunuzi yanaweza kugeuka njia ya kupigia debe muuzaji fulani, au ya kumharibia jina mwingine kwa chuki. Hatari hizo ni za kweli. Ila siri hiyo inalinda zabuni inayoendelea. Haihusu mkataba uliokwisha kutekelezwa, wala bei iliyokwisha kulipwa kwa fedha za umma, wala tarehe ambayo mzigo ulifika ukilinganishwa na tarehe iliyoahidiwa. Anayeyaweka hayo kabatini kwa jina la usiri anamlinda nani?

Tiba ya hofu ni maandishi. Ushauri mwingi leo hupita kwa simu na kwa ujumbe kati ya watu waliosoma pamoja, nao huenda kwa wenye marafiki. Afisa mgeni aliyehamishiwa Kakonko jana hana namba za watu. Ushauri ukiandikwa katika muhtasari wa kikao halali, ukitaja ukweli unaoweza kuthibitishwa, kama idadi iliyoagizwa, iliyofika, siku zilizochelewa na maboksi yaliyorudishwa, huwa kumbukumbu ya ofisi na si umbea. Malalamiko dhidi ya mzabuni yana njia yake, nayo ni Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, yenye uwezo wa kumfungia. Lakini mamlaka haiwezi kufanyia kazi manung'uniko yasiyo na karatasi.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii sasa inafanywa na mfumo wa kielektroniki wa NeST, uliokuja mwaka 2023, pamoja na Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma iliyoanza kutumika Juni 2024. Mfumo huo ni hatua kubwa, na kurudi kwenye makabrasha hakuna mwenye akili anayekutamani. Hata hivyo mfumo huonyesha zabuni na mshindi wake. Hauonyeshi kwamba glovu zilizoletwa zilipasuka mkononi. Hilo hulijua muuguzi, na kutoka kwa muuguzi hadi kwa afisa ununuzi kuna ngazi kadhaa ambazo habari huzipanda kwa shida.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba nchi zimeweza pale halmashauri zinaposuasua. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yenye wanachama 16, iliikabidhi Bohari ya Dawa ya Tanzania jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa, na katika mkakati wake kubadilishana taarifa za bei na za wazabuni kumewekwa kama hatua ya awali, kabla ya kununua kwa pamoja. Mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi asingehitaji kuelezwa sababu. Yeye hapakii mzigo kabla ya kuulizia soko la ng'ambo.

Na Kigoma inajua gharama ya kutokuwa tayari. Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikazuka. Meli kongwe ya Liemba ikawa daraja la kuwatoa. Katika wiki chache watu wapatao 3,000 waliripotiwa kuugua na zaidi ya 30 walifariki, miongoni mwao wenyeji. Katika dharura kama ile, chumvi za kuongezea maji mwilini na dripu hazitafutwi kwa tangazo la zabuni la wiki kadhaa. Zinapatikana upesi ikiwa kila halmashauri inajua jirani yake ana nini ghalani, na ikiwa hati za kuhamishiana dawa zimekwisha kuzoeleka siku za amani.

Mwanzo hauhitaji mradi wala mfadhili. Mganga Mkuu wa Mkoa na Mfamasia wa Mkoa wanaweza kuitisha kikao cha nusu siku kila robo mwaka, mjini Kigoma au Kasulu, cha wafamasia na maafisa ununuzi wa halmashauri zote nane, pamoja na wataalamu wa maabara na angalau waganga wafawidhi wawili wa zahanati za ufukweni, ambao nauli yao ya boti ilipwe. Kila halmashauri ije na karatasi moja: ilichoagiza, kilichofika, kilichokaribia kuisha muda, na sharti moja la mkataba lililoigharimu. Kikao cha kwanza kifanyike kabla mipango ya mwaka wa fedha unaoanza Julai haijafungwa. Wagonjwa nao wana wawakilishi wao katika kamati za usimamizi za vituo, ambao hushuhudia mapokezi ya dawa. Wawakilishi hao wana haki ya kuuliza, maboksi yanapofunguliwa, muda wa matumizi uliobaki ni miezi mingapi, na jibu liandikwe katika kitabu cha mapokezi.