Mazoezi ya nguvu ya video: je, yanakufaa wewe na nyumba yako?

 

Mwezi huu, katika ukurasa huu wa Afya ya Familia, tunajibu swali ambalo vijana wengi wametuuliza pale shuleni, na hata wamama wengine wametuuliza wakicheka kidogo. Wanasema: "Mwalimu, tumepata video za mazoezi ya kujenga mwili. Mtu anafanya nyumbani tu, bila kwenda jim. Tuzifuate ao tuziache?" Video hizi zinapita kwa simu, mtu anamrushia mwenzake, na kila mmoja anaanza siku ileile. Baada ya wiki moja wengi wameacha, na wengine wanatembea wakishika mgongo. Basi tuongee pole pole.

Kwanza tujue zilitoka wapi. Mazoezi ya video si kitu cha jana. Mwaka 1982 mcheza sinema wa Marekani, Jane Fonda, alitoa kaseti yake ya mazoezi ya nyumbani, na watu wengi sana waliinunua. Baadaye zikaja dividii. Mbili ambazo vijana wanazitaja sana ni P90X ya mkufunzi Tony Horton, iliyotoka katika miaka ya 2000, na Insanity ya Shaun T, iliyotoka mwaka 2009. P90X iko na diski 12 na inafanywa kwa siku 90, siku sita kwa wiki, karibu saa moja kila siku. Inaomba vyuma vya mkononi ao mipira ya kuvuta, pamoja na chuma cha kuning'inia. Insanity ni ya siku 60, haiombi vyuma, lakini ni kuruka na kukimbia pale pale mpaka pumzi inaisha.

Sisi hatusemi programu hizo ni mbaya. Zimesaidia watu. Lakini angalieni zilitengenezwa kwa nani: mtu ambaye anakaa kwa kiti siku nzima, anafungua bomba maji yanakuja, na jioni anafungua friji. Na hata huyo, P90X inamwambia ajipime kwanza kabla ya kuanza, na inampa kitabu cha chakula cha kufuata. Video inayopita kwa simu zetu mara nyingi imekuja bila kipimo na bila kitabu. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kabla ya kuivaa, ipime.

Tumepanga maswali matano. Kaa chini, angalia video yote mpaka mwisho bila kufanya zoezi lolote, halafu jijibu.

Swali la kwanza: mwili wako tayari unafanya kazi gani kwa siku?

Bidoni ya lita 20 ikijaa maji inapita kilo 20. Mama anayechota bidoni nne kwa siku amebeba zaidi ya kilo 80, na bado kuni, na bado mtoto mgongoni, na bado jembe. Huyo mama hana upungufu wa kubeba vizito. Akiongeza saa moja ya kuruka jioni, mwili hautapata nafasi ya kujijenga, sababu misuli inajijenga wakati wa kupumzika. Kinachomfaa ni mazoezi mafupi ya mgongo na tumbo ili bidoni isimuumize, pamoja na usingizi. Na kitu kingine kinachomfaa ni vijana wake wenye kifua kipana waende kuchota maji. Hilo ni zoezi zuri kabisa, na halihitaji simu.

Lakini fundi cherehani anayekaa siku nzima, mwenye duka, mwanafunzi wa sekondari, mzee anayekaa mbele ya nyumba, hao wanahitaji mazoezi ya nguvu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima afanye mwendo wa wastani dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili ao zaidi kwa wiki. Sikieni vizuri: siku mbili. Halikusema siku sita. Wenye miaka 65 na kuendelea wanaongezewa mazoezi ya kusimama imara siku tatu kwa wiki, ili wasianguke.

Swali la pili: chakula chako kinatosha?

Hili ndilo swali ambalo video haikuulizi, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Mtu wa kilo 60 akifanya mazoezi makali saa moja anachoma kalori kama 400 mpaka 500. Hiyo ni zaidi ya gramu 100 za unga wa mahindi. Kwa siku sita za kila wiki, kwa mwezi ni zaidi ya kilo mbili na nusu za unga. Sasa uliza: kilo hizo zitatoka wapi? Mgao wa kawaida wa dharura unapangwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, lakini sote tunajua tulipofika. Tangu mwaka 2023 familia hapa Uganda ziliwekwa kwa makundi kufuatana na mahitaji, kuna wanaopewa kidogo na kuna ambao hawapewi kabisa.

Kijana akiongeza njaa yake, sahani ni ileile. Ao atakula sehemu ya wadogo zake, ao mwili wake utakula misuli yake mwenyewe na ataisha badala ya kujaa. Tumeona kijana anafanya mazoezi makali tumbo tupu, anapata kizunguzungu darasani. Kama nyumbani mnakula mara moja kwa siku, acha programu ya siku sita. Fanya dakika 20, mara mbili kwa wiki, na fanya baada ya saa moja ao mbili tangu umekula. Hakuna haya hapo, ni hesabu.

Na msidanganywe na mtu anayeuza unga wa kopo wa kujenga misuli. Maharagi, karanga, dagaa na yai vinafanya kazi hiyohiyo. Pesa ya kopo moja inunue dagaa wa nyumba nzima.

Swali la tatu: kuna ugonjwa, mimba ao jeraha?

Wengi wetu tulikuja na miili iliyopita mambo. Kuna wenye vidonda vya zamani, mifupa iliyoungwa vibaya, vyuma mwilini. Pita kwanza kituo cha afya uulize muuguzi kama uko na shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari, ngiri, seli mundu, ao unatumia dawa za kifua kikuu. Mwenye malaria apone kabisa na ale vizuri siku kadhaa kwanza. Mama mjamzito anaweza kufanya mazoezi mepesi mimba ikiwa nzima, lakini aulize mkunga, na aache ya kurukaruka. Mama aliyejifungua, zaidi sana kwa kupasuliwa, asikimbilie mazoezi ya tumbo ili tumbo lirudi. Asubiri karibu wiki sita, halafu aulize.

Swali la nne: nafasi na vifaa viko?

Pima chini: unaweza kunyoosha mikono na kulala chali bila kugusa jiko ao kitanda cha mtoto? Sakafu ni kavu? Na jambo hili tunaliweka kwa herufi kubwa: USINING'INIE KWA MTI WA NYUMBA. Nyumba zetu za miti na udongo, ao za shiti, hazikujengwa kubeba mtu anayejivuta juu na chini. Nyumba ikianguka, familia nzima inalala nje. Kama programu yote inategemea chuma cha kuning'inia na wewe huna, programu hiyo haikufai. Tafuta nyingine.

Vyuma vya mkononi havina shida. Bidoni ya lita 5 ikijaa maji ni kilo 5. Ukitaka kilo 3, jaza lita 3. Ukipata nguvu unaongeza kidogo kidogo, haba na haba hujaza kibaba. Maji hayo usiyamwage, yarudishe jikoni.

Na dada zetu wanauliza mahali pa kufanyia, sababu uwanjani watu wanaangalia. Wengine wanakusanyika watatu wanne nyumbani kwa mmoja, mlango umefungwa, simu moja inatosha wote. Hiyo inasaidia pia kwa chaji.

Swali la tano: huyo mwalimu wa video anafundisha ao anajionyesha?

Hata kama huelewi lugha yake, utamjua. Mwalimu mzuri anaanza kwa kupasha mwili moto dakika tano ao zaidi. Anaonyesha namna rahisi kwa anayeanza na namna ngumu kwa aliyezoea. Anaonyesha mgongo ukae vipi na magoti yaelekee wapi. Anapumzika kati ya zoezi na zoezi. Yule anayeonyesha tumbo lake tu, anayepiga kelele bila kupumzika, anayekuahidi kifua cha simba kwa siku saba, huyo muache apite. Mwili unabadilika kwa wiki na miezi.

Ukijibu maswali yote matano na ukaona video inakufaa, anza kwa majaribio ya wiki mbili. Usianze na siku sita. Chukua siku mbili, ao tatu kama unakula vizuri, na kati yake uache siku ya kupumzika. Kila zoezi, simama wakati unaona bado ungeweza kurudia mara mbili ao tatu. Usizuie pumzi wakati wa kuinua, toa hewa. Misuli kuuma siku moja mpaka tatu baada ya kuanza ni kawaida. Baada ya wiki mbili jiulize: nalala vizuri? Kazi za nyumbani nazifanya bila kuchoka sana? Nguo zimeanza kulegea wakati sikutaka kukonda? Majibu hayo ndiyo cheti chako.

Lakini kama kifua kinauma, kichwa kinazunguka mpaka unataka kuanguka, pumzi hairudi hata ukiwa umekaa, acha palepale uende kituo cha afya. Na kuna dalili moja ambayo wengi hawaijui: mtu akijilazimisha kupita kiasi siku za kwanza, misuli inaweza kuharibika, inavimba sana, na mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi. Hiyo ni hatari kwa figo. Usingoje kesho.

Kwa yule ambaye video haikumfaa, ao hana simu, tunampa mazoezi manne ambayo hayaombi kitu. Moja: kaa kwenye kiti na usimame bila kushika kwa mikono, mara 8 mpaka 12. Mbili: pushapu, ile ya pompe kama tunavyosema kwetu Kongo, lakini uanze kwa kusukuma ukuta imara ao mti uliosimama shambani, na baadaye ushuke chini. Tatu: inama kidogo, mgongo umenyooka, shika bidoni ya lita 5 uivute mpaka mbavuni, mara 8 mpaka 12 kila mkono. Nne: lala chali, kunja magoti, inua kiuno juu, kaa kidogo, shusha. Pumzika dakika moja ao mbili, urudie yote mara mbili. Ni dakika 20. Mzee, mama na kijana wanaweza, kila mmoja kwa kipimo chake.

Wazazi, tunawaomba msiwakataze vijana wenu mazoezi. Kijana aliyetoka jasho analala usiku, na mawazo mengi yanapungua, na sote tunajua mawazo ya kambini. Lakini kaeni naye, mpige hesabu ya sahani na ya kazi za nyumba pamoja. Na wewe kijana, ukitaka mama akubali mazoezi yako, mtangulie kwenye bomba la maji asubuhi.

Mwenye swali aandike kwenye karatasi alete kwa sanduku la shule, jina si lazima. Mwezi ujao tutaongea juu ya maumivu ya mgongo na namna ya kuinua mzigo. Mbaki salama.

Sisi walimu wenu wa kujitolea