Errol Tobias si mtu wa kuitwa pambo

Kila mara watu wanapozungumza juu ya weusi katika raga ya Afrika ya Kusini, wanaanzia kwa Chester Williams na Kombe la Dunia la 1995. Sawa, anastahili. Lakini mweusi wa kwanza kucheza mechi ya kimataifa na Springboks ni Errol Tobias, na jina lake bado linatembea na neno baya: pambo. Kwamba aliwekwa kwa ajili ya picha.

Alizaliwa mwaka 1950 Caledon, upande wa Cape. Sheria za ubaguzi zilimwandika “Coloured”, na hakuwa na haki ya kupigia kura bunge la nchi yake. Kazi yake ilikuwa ya ujenzi. Raga wakati ule haikuwa na mshahara: maelfu wanakushangilia Jumamosi, Jumatatu unarudi kwenye matofali.

Tarehe 30 Mei 1981, akiwa na miaka 31, alianza dhidi ya Ireland kwenye uwanja wa Newlands. Springboks walishinda 23-15. Baadhi ya wachezaji wa Ireland, kama Tony Ward, walikataa safari hiyo kwa sababu ya ubaguzi, na kwangu walifanya vema. Tobias alipigwa pande zote mbili. Kuna wazungu waliosema hana kiwango, na kuna weusi waliomwona msaliti, kwa sababu msimamo wao ulikuwa kwamba hakuna michezo ya kawaida ndani ya jamii isiyo ya kawaida. Mwaka uleule alipelekwa New Zealand, lakini hakupangwa hata mechi moja kubwa.

Je, utawala ulimtumia? Ndiyo, bila shaka. Nchi ilikuwa imetengwa na ilihitaji sura kama yake. Lakini kutumiwa na kutokuwa na uwezo ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1984, akiwa na miaka 34, alipewa namba 10 dhidi ya Uingereza. Hiyo ni namba ya mtu anayeongoza mchezo mzima. Ukiweka pale mtu asiyejua, ekipe yote inaanguka. Springboks walishinda 33-15, kisha 35-9. Alicheza mechi 6 za kimataifa kwa jumla, na hakupoteza hata moja.

Kuna swali ambalo wanaomwita pambo hawaliulizi. Kwa miaka mingi kabla ya 1981, wazungu walichaguliwa bila kushindana na wananchi walio wengi. Wangapi kati yao wangepata jezi ile kama mlango ungekuwa wazi? Wao wanaitwa magwiji tu, na hakuna anayewadai ushahidi. Tobias, ambaye baadaye alikuwa meya wa Caledon, ndiye anayedaiwa mpaka leo, yeye aliyefunguliwa mlango akiwa na miaka 31.